Kupanga studio ya kifahari katikati ya Kisumu: anza na maji, stima na jua

Picha za studio za kifahari hufanana. Kuna kitanda chenye kichwa cha kitambaa, taa zilizofichwa ndani ya jipsamu, kaunta nyeusi inayong'aa, na dirisha linaloonyesha ziwa kwa mbali. Vyote hivyo fundi hodari huvifunga kwa wiki mbili, popote pale. Kodi kubwa inanunua kitu kingine: maji yanayopanda hadi ghorofa ya saba siku mifereji ya mji imekauka, jenereta inayowasha friji yako pamoja na lifti, na usingizi wa kweli huku mji ukiwa macho chini yako. Hayo hayaonekani pichani, kwa hivyo lazima uyaendee mwenyewe kabla hujatoa shilingi.

Hesabu ya siku ya kuingia

Tuseme kodi ni 40,000 kwa mwezi. Siku ya kuchukua funguo utadaiwa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja. Ikiwa nyumba ina fanicha, amana mara nyingi huwa ya miezi miwili. Ongeza amana ya maji na stima, ada ya kuandika mkataba, na ada ya huduma ya jengo kama haimo ndani ya kodi. Usiende kutafuta ukiwa na chini ya kodi tatu mkononi. Nne ni salama zaidi.

Swali la kwanza kwa simu liwe hili: "Hiyo kodi imeingiza nini?" Ada ya huduma hulipia soja, usafi wa ngazi, taka, lifti na dizeli ya jenereta, na inaweza kugeuza nyumba ya 40,000 kuwa ya 46,000. Fahamu pia kwamba kodi ya nyumba ya makazi ya kawaida haitozwi VAT. Ukiona asilimia 16 imeongezwa kwenye ankara ya mkataba wa mwaka mzima, uliza inatokana na nini.

Mkataba wa mwaka mmoja hadi mitatu hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi ya 40,000 hiyo ni asilimia 1 ya 480,000, yaani 4,800. Wengi huruka hatua hii, halafu siku ya ugomvi hugundua kwamba karatasi isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe.

Neno "katikati"

Katika matangazo ya Kisumu neno hili limenyooshwa mno. Ukitaka kutembea kwa miguu hadi Oginga Odinga Street au ukingo wa Jomo Kenyatta Highway, pima kwa miguu siku ya kuona nyumba. Usipime kwa dakika za tuktuk alizokutajia ajenti. Milimani iko karibu na mji na ina miti na utulivu, ila usiku barabara zake nyingine hazina watu, kwa hivyo angalia taa kuanzia barabara kuu hadi geti. Mamboleo na Riat ni mahali pazuri pa kuishi, lakini si katikati, na nauli ya kila siku ni sehemu ya kodi.

Ajenti na pesa ya kuona nyumba

Ada ndogo ya kuona nyumba imekuwa desturi. Pesa ya "kushikilia nyumba" kabla hujaingia ndani ni jambo jingine kabisa, usiitoe. Mawakala wa nyumba nchini wanapaswa kuwa wamesajiliwa na bodi yao chini ya Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura 533, kwa hivyo omba jina kamili na nambari ya usajili. Asiye na nambari anaweza bado kukuonyesha nyumba, ila pesa isipitie kwake. Lipa kwenye akaunti au nambari ya biashara iliyo na jina lile lile lililo kwenye mkataba, na ulisome jina hilo kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri.

Ili kujua mwenye nyumba ni nani, omba bili ya maji ya jengo, kisha ongea na wapangaji wawili bila ajenti kuwepo. Wakitaja majina mawili tofauti ya mwenye nyumba, simama hapo mpaka uone hati.

Ukiombwa nakala ya kitambulisho, andika kwa kalamu katikati ya nakala hiyo: "Kwa upangaji wa nyumba nambari fulani tu," pamoja na tarehe. Nakala isiyo na maandishi inaweza kutumika kwa mambo ambayo hutayajua.

Nenda mara tatu

Mara ya kwanza iwe saa tisa mchana, siku ya jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua huelea kaskazini kidogo mwezi wa Juni na kusini kidogo Desemba, lakini magharibi halikosi. Dirisha linaloangalia magharibi, ambalo mara nyingi ndilo linalotazama ziwa, hupokea jua la moja kwa moja tangu saa nane hadi karibu saa moja jioni. Kioo kikubwa kisicho na kivuli hugeuza chumba kimoja kuwa tanuri, na kwa kuwa ni studio, huna chumba cha pili cha kukimbilia. Weka kiganja kwenye ukuta wa ndani upande huo. Ukiwa na joto saa tisa, utaendelea kutoa joto hadi saa nne usiku. Tafuta kipaa cha kivuli kinachochomoza mita moja au zaidi juu ya dirisha, au chagua upande wa mashariki na uachane na machweo.

Kisha fungua dirisha na mlango wa korido kwa pamoja. Studio nyingi zina madirisha upande mmoja tu, na hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Usipohisi upepo hata kidogo, utategemea kiyoyozi, na kiyoyozi kina hesabu yake. Nguvu ya kupoza hupimwa kwa BTU. Hata mashine ndogo ya BTU 9,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula karibu yuniti moja kwa saa. Saa tano kila usiku ni kama yuniti 150 kwa mwezi. Ukipigia hesabu shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni 4,500 kabla hujachemsha chai.

Mara ya pili iwe Ijumaa au Jumamosi, baada ya saa nne usiku. Simama pale kitanda kitakapokaa, funga dirisha, nyamaza dakika mbili. Sasa lifungue. Kipimo chako ni hicho cha pili, kwa sababu Kisumu usiku mwingi utalala dirisha likiwa wazi. Sikiliza baa, stendi ya matatu, na mashine ya kiyoyozi cha jirani iliyofungwa hatua mbili kutoka kichwani mwako. Muulize soja jenereta imekaa wapi na moshi wake unatokea upande gani. Nyumba yenye utulivu mwaka mzima inaweza kukaa juu kabisa ya jenereta inayonguruma kila stima inapopotea. Jumapili asubuhi nayo ina sauti zake: makanisa yenye spika, na msongamano wa Kibuye, ambako Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko.

Mara ya tatu iwe baada ya mvua. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, na ngurumo na upepo wa kusukuma maji kwa ubavu. Pitisha kidole kwenye pembe za chini za dirisha na kwenye mshono wa ukuta na sakafu ya roshani. Rangi iliyovimba au mstari wa kahawia kwenye jipsamu ni alama ya maji yaliyokwisha kuingia, hata kama pamepakwa rangi juzi. Angalia pia mitaro mbele ya geti: maji yaliyosimama ni mbu, na hii ni nchi ya malaria. Kila dirisha linalofunguka liwe na wavu, na wavu huo usiwe na tundu hata la kupitisha kalamu. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi, hufuata taa. Roshani nzuri inayotazama maji inahitaji taa unayoweza kuizima na mlango unaofunga hadi chini.

Maji

Uliza tanki la juu lina lita ngapi, la chini ya ardhi lina ngapi, na jengo lina nyumba ngapi. Mhesabu mtu mmoja kwa lita 100 kwa siku. Jengo la studio 40, zenye wastani wa mtu mmoja na nusu kila moja, hutumia lita 6,000 kwa siku. Tanki la lita 10,000 peke yake linaisha kabla ya siku ya pili kuisha. Pakiwa pia na tanki la lita 50,000 chini ya ardhi, mna siku kumi. Hapo ndipo unajua kama neno "maji saa 24" lina mwili. Uliza pia maji yanatoka wapi, kwa KIWASCO (kampuni ya maji ya Kisumu), kisimani au kwa lori, na lori likija nani analipa. Jibu hilo liandikwe mkatabani.

Nguvu ya maji ni suala la kimo. Kila mita moja kutoka tangini hadi kwenye shawa inatoa baa 0.1 tu. Ndiyo maana ghorofa ya juu, yenye mandhari bora na kodi kubwa kuliko zote, mara nyingi ndiyo yenye shawa dhaifu kuliko zote: tanki liko mita mbili tu juu ya kichwa. Dawa yake ni pampu ya kusukuma. Pampu bila stima haisukumi, kwa hivyo uliza kama imeunganishwa na jenereta.

Jaribu hivi. Fungua shawa na mfereji wa jikoni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Shawa ikikatika, mabomba ni membamba au maji ni machache. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa: ikijaa ndani ya dakika moja na nusu, ni nzuri, ikipita dakika tatu, utaoga kwa kata.

Shawa ya umeme ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea 20. Inahitaji waya wake mnene na swichi yake ya peke yake. Iwashe dakika kumi mfululizo, jikaushe mkono, halafu gusa uso wa swichi kwa nyuma ya kidole. Uvuguvugu si tatizo. Swichi ikiwa ya moto, ikinuka plastiki iliyoungua, au ikiwa na doa la njano pembeni, waya ni mwembamba au umelegea, na huo ni moto unaosubiri siku yake. Omba irekebishwe kabla ya kutia saini; ahadi ya "tutatengeneza ukishaingia" huisha nguvu siku unayolipa.

Stima na mita

Kuna mita za aina mbili, na tofauti yake ni pesa. Ya kwanza ni mita ya Kenya Power iliyo ya nyumba hiyo peke yake, unayonunulia tokeni kwa 888880. Ya pili ni mita ndogo ya mwenye jengo, ambayo tokeni zake zinauzwa na kampuni aliyoichagua yeye. Kenya Power hutoza watumiaji wadogo bei nafuu kwa yuniti, lakini mita kuu ya jengo zima huhesabiwa kama mtumiaji mkubwa, na mara nyingine mwenye jengo huongeza chake juu. Mtu anayeishi peke yake na kutumia yuniti 25 kwa mwezi anakosa nafuu ambayo angeipata kwa mita yake.

Usibishane kwa maneno. Omba kununua tokeni za shilingi 200 ukiwa hapo hapo, ugawanye pesa kwa yuniti zilizopatikana, na ulinganishe na bei anayopata mtu mwenye mita yake mwenyewe. Jaribio hilo hilo hufichua deni: mpangaji aliyetangulia akiacha deni kwenye mita ya Kenya Power, linakatwa kwenye manunuzi yako. Ukiona pesa imeliwa na yuniti hazilingani, deni hilo liondolewe kabla hujaingia.

Kuhusu jenereta, uliza swali moja lenye ncha: "Stima ikipotea, ni soketi ipi ndani ya nyumba hii inayowaka?" Mara nyingi jibu ni taa tu, au taa na soketi moja. Hakikisha friji na kifaa cha waifai viko upande huo. Uliza kama jenereta huzimwa usiku. Na kwa sababu radi na stima ya kupanda na kushuka ni mambo ya kawaida huku, nunua kinga ya soketi kwa friji na televisheni. Ni bei ndogo kuliko ubao wa umeme wa friji.

Kuhusu intaneti swali ni fupi: uliza ni kampuni ngapi za faiba zimeingia jengoni. Ikiwa ni moja tu, muulize jirani inakatika mara ngapi.

Jiko ndani ya chumba cha kulala

Hapa studio huonyesha udogo wake. Angalia kama mashine ya kunyonya moshi ina bomba linalotoka nje, au inachuja tu na kurudisha hewa ndani. Weka karatasi ya shashi kwenye mashine ikiwa imewashwa ili uone kama inavuta, kisha fungua kabati la juu utafute bomba. Bila bomba, mbuta uliyoikaanga saa mbili usiku italala nawe, na omena itakaa kwenye mapazia hadi wikendi. Kama jengo linakataza mtungi wa gesi, jiko la umeme litategemea jenereta pia, kwa hivyo rudi kwenye swali la soketi.

Beba futi ya kupimia. Kitanda cha tano kwa sita kinahitaji nafasi ya sentimita 60 pembeni ili upite, na mlango wa kabati uweze kufunguka. Mashine ya kufua hutaka kina cha sentimita 60, mfereji na tundu la kutolea maji.

Wageni wa siku mbili

Majengo mengi ya studio katikati ya mji yamejaa vyumba vya kukodisha kwa usiku mmoja kupitia Airbnb na mitandao mingine. Mpangaji wa mwaka atakutana na sura mpya kwenye lifti kila wikendi, na sherehe za Jumamosi. Uliza ni nyumba ngapi za namna hiyo, na kama zina ghorofa zao. Ikiwa studio yako yenyewe ilikuwa ya wageni, badilisha silinda ya kitasa au ufute namba zote na alama za vidole kwenye kitasa cha kidijitali, kisha kagua kila kifaa kinachotazama kitanda: saa, king'amua moshi, chaja iliyosahaulika ukutani.

Mkataba

Sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, inalinda nyumba za makazi zenye kodi isiyozidi 2,500. Studio ya kifahari iko mbali nayo. Kinga yako kubwa ni karatasi unayotia saini, kwa hivyo isome ukiwa umeketi, hata kama keateka (mtunza jengo) amesimama mlangoni na kalamu.

Tazama hasa amana. Iandikwe ni kiasi gani, itarudishwa ndani ya siku ngapi, na inakatwa kwa mambo gani. Ongeza maneno haya: "isipokuwa uchakavu wa kawaida." Bila hayo, rangi iliyofifia na tundu la msumari mmoja vitalipiwa upakaji wa nyumba nzima. Kwenye nyongeza ya kodi, dai asilimia na tarehe; "kulingana na soko" si kipimo. Notisi iwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba ukinyamaza na unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inauchukua kuwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, unaoweza kuvunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Angalia pia adhabu ya kuvunja mkataba mapema, nani anatengeneza kiyoyozi na shawa, na kama una nafasi ya gari yenye namba yako au ni "anayewahi."

Siku ya funguo

Piga video moja isiyokatwa kuanzia mlangoni, mchana, ukisema tarehe kwa sauti. Onyesha kila kigae kilichopasuka, kila mkwaruzo kwenye kaunta, usomaji wa mita ya maji na ya stima, idadi ya funguo. Fungua kila bomba. Itume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, na ujumbe mfupi: "Habari ya mchana. Hii ni hali ya nyumba B7 nilivyoipokea leo. Asante." Akijibu hata kwa neno "sawa", una ushahidi.

Ukiwa Nakuru

Hatua ni zile zile, ila mkazo unageuka. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi, kwa hivyo jua la alasiri linakuwa rafiki na maji moto yanakuwa swali la kwanza. La pili ni floridi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi, huikoleza. Jengo likijisifu kwa kisima chake, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi na yanachujwa kwa njia gani.

Kutoka

Toa notisi kwa maandishi, hata kama mmezoeana na mwenye nyumba. Mfano: "Mama, shikamoo. Natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo tarehe 1. Nitakabidhi funguo tarehe 30. Naomba tukague nyumba pamoja tarehe 28, na amana irudishwe kama kifungu cha mkataba kinavyosema." Usikubali amana igeuzwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho kwa maneno ya mdomo, iandikwe.

Siku ya ukaguzi, fungua ile video ya kwanza na mpite kona kwa kona. Amana ikikataliwa bila orodha ya makato, tuma barua ya madai yenye siku 14. Hilo likishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Peleka mkataba wenye stempu, risiti za malipo, video, na ile notisi.